Kupakatwa na Honnavva

Jumatatu, 12 Mei

Kilele cha hekalu kimetokeza! Wachunga mbuzi ndio waliokiona kwanza — jiwe jeusi katikati ya bwawa, ndege mweupe juu yake. Ukame huu umeyanywa maji mpaka huko.

Mama mkwe alikuwa anapika mikate ya mtama. Aliiacha ikaungua. Akasimama uani, mkono kinywani. Tangu niolewe hapa namwona kila alfajiri akisali ameelekea bwawani. Hekalu jipya la kilimani halikanyagi. Husema kule kuna jiwe tu, Honnavva mwenyewe, mungu wetu, yuko chini ya maji. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Kallappa hakutoka kutazama. Alisema kuna trekta ya watu inamsubiri aitengeneze. (Kwa mdomo mke hamtaji mumewe jina. Hapa kwenye karatasi namtaja nipendavyo.)

Alhamisi, 15 Mei

Nguzo zimeanza kuonekana. Jioni wanawake walijaa uani kwetu, Mama mkwe akasimulia upya.

Honnavva aligombana na mumewe, mungu Shiva, akashuka mlimani peke yake na kiu yake. Kila mlango alioupiga hodi, walimfukuza. Mke wa mfinyanzi tu ndiye aliyempa maji, na yalikuwa ya mwisho, ya mtoto wake mgonjwa. Honnavva akanywa, akampakata yule mtoto, mtoto akaamka mzima. Akasema: nimechoka kutafuta maji, sasa maji ndiyo yatanitafuta. Akakaa pale pale akawa jiwe. Ndiyo maana kila mzaliwa wa kwanza wa kijiji alikuwa akilazwa mapajani pake kabla ya kunyolewa.

Kwa hiyo serikali ilipojenga bwawa, wazee hawakushangaa. Walijaribu kumhamisha Honnavva. Kamba zikakatika, ng'ombe wakapiga magoti.

"Walipiga magoti kwa njaa, shoga," akasema jirani yetu Tippavva.

"Basi wewe upige magoti ukiwa umeshiba," Mama mkwe akamjibu.

Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia. Siku ya kuhama alikuwa na mimba ya Kallappa. Alimwahidi Honnavva kwamba akijifungua atamleta. Maji yakafika kabla ya mtoto.

"Nataka kumpeleka," akasema.

Kallappa! Mtu mwenye kitambi na mvi. Tippavva alicheka mpaka akafuta machozi. Mama mkwe hakucheka.

Ijumaa, 16 Mei

Amekataa.

Baba yake alikuwa na desturi ya kupiga makasia hadi juu ya hekalu lililozama, anawasha taa, anairudisha mashua. Siku moja mashua ilirudi peke yake. Kallappa alikuwa mdogo. Tangu hapo hajawahi hata kunawa mikono kwenye bwawa lile.

Hakupaza sauti. Alisema polepole: "Aliyemchukua baba, nikampelekee na kichwa changu, Mama?"

Mama mkwe akasema si yeye aliyemchukua, ni upepo. Kallappa akainuka, sahani imejaa.

Jumapili, 25 Mei

Mlango umefikiwa. Tunachota tope, tope, tope. Mgongo unaniuma. Kesho tena.

Jumanne, 27 Mei

Nimeingia. Sijui nianzie wapi.

Ndani kuna ubaridi wa mtungi. Nguzo ni nyeusi, laini, za mviringo, kana kwamba fundi alikuwa anakanda unga, si kuchonga jiwe. Wanawake wa mawe wanacheza ngoma ukutani. Mmoja konokono wamemganda kiunoni kama shanga. Kisha chumba cha ndani. Kuhani Sangayya, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliniambia nisubiri macho yazoee giza.

Yakazoea. Kumbe Honnavva alikuwa ananitazama.

Tope lilikuwa limemfika kifuani. Tulilichota kwa mabeseni, wakubwa wakiimba chini chini, kama watu wanaomwosha aliyetoka kujifungua. Uso mzima! Maji miaka yote hiyo, samaki, giza — na pua ipo, midomo ipo, hata tundu la kipini lipo.

Tulipofika mapajani tukaweka mabeseni chini. Jiwe hapo limelika. Pana bonde dogo, laini, la ukubwa wa mtoto mchanga. Ni watoto waliolisugua, vizazi kwa vizazi, kwa migongo yao. Nikaweka kiganja. Pana joto. Au joto lilikuwa langu, sijui. Nikakaa kwenye tope na sari yangu nzuri.

Tukampaka manjano. Tukamjaza mapaja: mchele, nazi, bangili za kijani, kitambaa kipya, kama anavyofanyiwa binti anayetoka kwao kurudi kwa mumewe. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka.

Nyumbani Kallappa hakuuliza kitu mpaka tulipomaliza kula. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Lile bonde bado lipo?"

Nikamwuliza amelijuaje.

"Baba aliniambia."

Jumatano, 4 Juni

Visima vimekauka. Watu wanauza mbuzi. Leo kijiji kizima kilishuka hekaluni kuomba mvua — na mvua ndiyo itakayomfunika tena. Nilimwuliza Mama mkwe yeye anaombaje.

"Naomba inyeshe. Ila ichelewe kidogo."

Halafu akaona aibu. Akafumba macho, akaomba upya. Safari hii midomo yake ilisimama mapema, kabla ya lile "ila".

Jumatatu, 9 Juni

Imenyesha huko juu mtoni tangu jana. Watu wanashangilia kila nyumba. Maji yanapanda taratibu, ya rangi ya chai, yameshapita kizingiti cha hekalu.

Mama mkwe yuko ndani. Ameingia na taa yake na hatoki; anasema ahadi yake haijatimia. Kuhani kambembeleza, Tippavva kambembeleza. Tippavva leo hana mzaha hata mmoja. Nimemtuma akamwite Kallappa. Naandika nimekaa juu ya ukuta wa kijiji cha zamani, maana mikono isipofanya kitu nitalia.

Anakuja. Anateremka tope lililopasuka, mikono ina grisi. Amefika ukingoni. Amesimama muda mrefu. Sasa anavua viatu.

Amenipita. Maji yamemfika vifundoni. Sasa magotini. Ninaona anavyoyatazama, kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Amefika mlangoni, ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Kutoka ndani naisikia sauti ya Mama mkwe, ya kawaida kabisa, kama anamwita mezani:

"Inama, mwanangu. Mlango ni mfupi."

Bado ameshika nguzo. Mkono mmoja ameuachia, anainama —