Kisanduku Changu Kimfuate Nani?

Jumatatu, 9 Machi 2026
Mvua. Kibanda cha mnara wa redio kiko ndani ya migomba yangu hapa Kyimo, mlinzi ni mimi. Mtu mkubwa! Leo mjukuu wangu Sekela kafunga modemu — kisanduku kinachopokea sauti kutoka studio ya Tukuyu. Yuko kwenye majaribio. Redio ikisikika vizuri wiki hii, anaajiriwa.

Kanieleza. Ndani mna saa, haisemi saa ngapi, inapiga mapigo tu, sauti inatembea kwa mapigo hayo. Ya studio inatangulia, ya hapa inafuata. "Bibi, swichi ikiwa chini, inafuata. Usiiguse." Nikasema sawa. Sawa gani!

Jumanne, 10 Machi
Imenikaba. Shamba langu, halafu kisanduku changu kifuate cha mjini? Mimi kanisani ndiye mwanzisha nyimbo, hata mchungaji ananisubiri! Nimeenda kufagia. Nikasukuma swichi juu.
Redio ikaendelea kusema. Nikacheka peke yangu. Wasomi hawa!

Jumatano, 11 Machi
Redio inajikwaa. Inasema vizuri, halafu tak! — neno limemezwa. Wametangaza msiba: "marehemu ata— tak! —kesho saa saba." Atazikwa? Atafufuka? Nimelaumu mvua. Nimelaumu watu wa umeme. Nimetukana popo. Mtu mmoja tu sikumgusa.
Jirani Winfrida kapita: "Mwe, redio ya mjukuu wako imeshikwa na kwikwi." Nimemwambia akalee kuku zake.

Alhamisi, 12 Machi
Sekela kapiga simu. Analia, anasingizia mafua. Kapima kila kitu, anasema ni kama visanduku vyote viwili vinatangulia, hakuna kinachofuata. "Bibi, swichi iko chini kweli?"
Nikamjibu, "Gwe, unanifundisha mimi juu na chini?"
Hilo si jibu. Yeye kaliona jibu! Basi kamwambia bosi wake, Bwana Naseeb, modemu ni mbovu. Kesho wanakuja na fundi mwingine.
Simu ilipokatika nimekimbia kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki huko. Nimeshusha swichi. Redio ikatulia papo hapo. Nikajipongeza, bibi fundi!

Ijumaa, 13 Machi
Bibi fundi, bibi bure. Wamefika, redio inaimba kama malaika. Fundi kapima, haoni ubovu. Bwana Naseeb kamgeukia Sekela: sasa huo ubovu ulionileta hapa uko wapi, dada? Mtoto anatazama chini. Fundi wao anacheka puani. Nikatamani nimchape.
Bwana Naseeb akaniuliza kwa adabu zote, "Shikamoo bibi. Humu ndani huwa anaingia nani?"
Nikatoa kifua. "Mimi peke yangu! Hata kuku hathubutu!"
Sekela akainua uso. Akatazama swichi, akanitazama mimi. Hakusema neno — ananitunzia heshima, mjinga huyu!
Nikasema subirini, nawachemshia chai.
Sasa niko jikoni, naandika. Maji yamechemka, yamepungua, nimeongeza mengine. Yanachemka tena. Nikitoka na chai, itabidi niseme nani alipandisha swichi. Bwana Naseeb anaita, bibi, tunataka kuondoka.