Teke Moja kwa Mwalimu wa Nidhamu

Wewe, leo rafiki yako nusura azimie.

Mwalimu wa nidhamu amemkuta bwenini na ile gemu yako ya kupigana, ya wachezaji wawili. Hakuinyakua. Aliketi kitandani akasema, "Tucheze. Nikikushinda, naondoka nayo."

Raundi ya kwanza rafiki yako alibonyeza vitufe vyote kama anayeua siafu. Akapigwa kama ngoma. Mwalimu akauliza, "Mbona unaruka ovyo, kijana?"

Raundi ya pili ndipo akakumbuka wosia wako: kinga kwanza, mwenzio akikosea mpige, kisha rudi kwenye kinga. Akapumua. Ngumi ya mwalimu ikakosa, akamtia teke moja, akajikinga mpaka muda ukaisha. Raundi ya tatu vilevile.

Ameshinda. Nakuapia, ameshinda.

Mwalimu akasema, "Kesho ofisini kwangu. Uje nayo, turudiane."

Akishindwa, gemu yako imekwenda. Akimwaibisha mwalimu tena kwa kumshinda, amekwenda yeye.