Baridi Uliyoisingizia

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule. Kwa Kikuyu siwezi, maana nikiandika neno titi kwa lugha yetu nakusikia ukiniambia nifunge vifungo na niache mambo ya aibu. Leo ni Jumapili. Mume wangu amewapeleka watoto wakubwa kanisani, nami nimebaki na mdogo, ambaye amelala baada ya kulia tangu asubuhi. Kilio chake nitakueleza. Kwanza nikuambie lililo kubwa: nina uvimbe kwenye titi la kushoto, na daktari amesema ni kansa.

Nimeliandika. Nilidhani mkono utakataa.

Huyu mdogo hukumwona. Ni msichana wangu wa pili, kwa hiyo ana jina lako, Wambui, kama desturi inavyotaka: wa kwanza kwa mama mkwe, wa pili kwako. Hapa nyumbani kila mtu anamwita maitu, mama yangu, hata mimi niliyemzaa. Ana miezi kumi na mmoja. Amechukua midomo yako na ukali wako pia; akikataa uji amekataa, hata umbembeleze na sukari. Alipoanza kunyonya nilikuwa nikimtania, haya, zamu yako imefika, mimi nilikunyonya miaka miwili bila huruma.

Uvimbe niliugusa alipokuwa na miezi minne. Ulikuwa kama punje ya mahindi, mgumu, wala hauumi. Niliwaonyesha wanawake tuliopakana nao shamba, na wote wakasema jambo moja, kwamba maziwa yameganda. Dawa yake kila mtu anaijua: gunzi lililopashwa moto, unasugua, halafu unamweka mtoto upande huohuo avute. Siwalaumu. Hata mimi ningemwambia mwingine hivyohivyo, kwa sababu sisi tulijua uvimbe mmoja tu wa titi, na huo ni wa maziwa. Basi nikasugua na gunzi miezi saba. Miezi saba, Mama, nilikuwa namsukumia maitu titi lenye ugonjwa na kumwambia vuta, vuta kwa nguvu, umtoe mama yako taabani.

Chuchu ilipoanza kuingia ndani na tezi kuota kwapani, nilipanda lori la mahindi pale Turbo nikaenda Eldoret, mji ambao nyinyi wazee mliuita Sisibo. Daktari alikata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa, nikangoja wiki tatu. Niliporudi aliniuliza kwanza kama nanyonyesha. Nikasema ndiyo.

"Mtoto aachishwe leo," akasema. "Si kesho."

Halafu akanieleza mengine. Niende hospitali kubwa ya Nairobi wakate titi lote pamoja na yaliyo kwapani, na baadaye huenda nikachomwa kwa miale. Nilimuuliza kama nitapona. Akasema angependa ningekuja mapema. Mimi si mjinga.

Ndiyo maana maitu analia. Nilijipaka pilipili. Alionja mara moja, akanitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mwenyewe, na tangu siku hiyo hataki hata nimbebe. Akilia, maziwa yanatoka yenyewe na kulowesha blauzi yangu. Mwili haujaambiwa chochote.

Sasa nifike kwako. Alhamisi alikuja Mama Njoki, rafiki yako wa tangu kambi ya wafanyakazi wa mzungu. Alikuwa amesikia habari zangu. Aliweka uji chini, akakaa, akalia kabla mimi sijalia. Nikadhani ananihurumia. Kumbe alikuwa na neno lililomkaa moyoni miaka yote hii.

"Mama yako alijua," akasema. "Aliniapisha nisiseme."

Akanisimulia. Kwamba ulimwonyesha uvimbe mwaka ule kampuni yetu ya wanahisa iliponunua shamba la mzungu, kabla ya siku ya kura ya kugawana viwanja. Kwamba hospitali walikuambia ukatwe, ukajibu utarudi. Baba alikuwa ameshafariki, hisa ilikuwa kwa jina lako, na wanaume wa kamati walikuwa wamekwisha kumfuta mjane mmoja kwenye orodha kwa sababu alikuwa mgonjwa. Walisema ardhi inataka mtu wa kuilima, si mtu wa kuzikwa ndani yake. Tena ilikuwa lazima mwenye hisa aje mwenyewe aokote karatasi yake kwenye kofia. Ukaona ukienda Nairobi watampa mwingine.

Na mimi nilikuwepo siku hiyo! Nilikuwa nimesimama nawe kwenye foleni, jua la saa sita linachoma, nawe umevaa sweta mbili na shuka juu yake. Nilikucheka. Nilikuambia umejifunga kama kabichi.

"Baridi ya huku haina adabu," ukanijibu, na watu wakacheka, kwa maana sote tuliotoka Murang'a tulikuwa tukiilalamikia. Ulipookota karatasi yako ulinipa niikunjue na kusoma nambari, kwa sababu mkono wako wa kushoto ulikuwa hauinuki vizuri. Hata hilo nililiona, nikalipita.

Ulikufa mahindi yetu ya kwanza hayajafika magotini. Nilisaidiana na kina mama wa kanisa kukuvisha, tukafungua zile sweta, nikaona. Wakaniambia ni jipu lililoharibika. Nikaamini, kwa sababu jipu ni kitu ninachokijua, na kwa sababu nilitaka tufunike haraka.

Nakukasirikia, Mama. Nimejaribu kutokukasirikia tangu Alhamisi na nimeshindwa. Kama ungeniambia hata siku moja, hata kitandani mwisho, kwamba kuna ugonjwa unaoanza kama punje na hauumi, mimi nisingeshika gunzi. Ningekimbia hospitali siku ileile. Ulinifundisha kupanda, kukama, kuficha funguo, kumnyamazia mume akiwa na hasira. Hili moja ukaenda nalo.

Halafu natoka nje nachimba viazi vya chakula cha jioni, na shamba ni lile. Wanangu wanashiba kwa ardhi uliyoinunua kwa titi lako. Kama ungesema, wangekufuta jina. Uliponyamaza, ukafa. Nimelitafuta jibu ambalo lingekuacha wewe hai na sisi tukiwa na pa kukaa, sijalipata, na hilo linanichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini hofu imemshika. Anasema wanaokwenda kukatwa Nairobi hurudi ndani ya sanduku. Kuna mzee huko Kesses mwenye mitishamba, tujaribu hiyo kwanza, tungoje mavuno yaishe. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kilichotokea mwaka ule wa kura, neno kwa neno kama nilivyoambiwa, na kwamba Jumanne napanda gari la moshi. Alikwenda kukaa na ng'ombe mpaka giza likaingia, na jana ameniletea sanduku la nguo la dada yake.

Usidhani nimekuwa shujaa. Naogopa kisu. Naogopa kuamka upande mmoja ukiwa tambarare kama wa mwanamume. Zaidi ya yote naogopa kwamba nikifa sasa, maitu hatakumbuka hata uso wangu, na kitu cha mwisho alichopata kwangu ni pilipili. Matumaini sina, Mama. Nikiyatafuta nakuta mahali yalipokuwa tu. Ninaenda kwa sababu kukaa nimeshaona kunaishia wapi, nilikuvisha kwa mikono yangu.

Ahadi yangu ni hii. Nikirudi, wasichana wangu wote wawili wataona kovu mchana, mlango ukiwa wazi, na wataligusa wakitaka. Nisiporudi, ahadi nimeanza kuitimiza. Jana nilimwita Nyambura, yule mkubwa, ana miaka tisa. Nilifungua blauzi nikachukua mkono wake nikauweka pale. Akauvuta haraka. Nikamwambia jina la kitu hicho, kwamba si maziwa wala jipu, na kwamba siku moja atamwambia mdogo wake kama mimi sipo. Kisha akaurudisha mkono mwenyewe, akagusa polepole pande zote, akauliza kama uvimbe unaanza ukiwa mkubwa hivi.

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole changu ulivyokuwa mwanzo.

Kwaheri, Mama. Hasira nimekuandikia, haijaisha, lakini nakupenda nayo.

Binti yako,
Wanjiru