Droo ya Vyeti

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima, na viatu ulivyoninunulia vimeacha kunibana. Mama mwambie kazi inakwenda vizuri. Haya mengine yabaki kwetu.

Kompyuta tunayotumia iko makao makuu, nami naifungua kwa mbali kutoka hapa. Skana, ile mashine ya kuingiza karatasi kwenye kompyuta, iko mezani kwangu, lakini ile kompyuta haikuiona kabisa, kwa hiyo sikuweza kutuma chochote. Kwa kuwa bado niko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, niliona aibu kuuliza. Siku nne nilipokea maombi ya vyeti vya kuzaliwa, nikawaambia watu yametumwa, kisha nikayafungia kwenye droo.

Jana baba mmoja alirudi. Bila cheti mwanawe hataandikishwa shule, na mwisho ni Ijumaa. Akanishukuru kwa kumhangaikia! Nilishindwa kumtazama usoni. Alipotoka tu, nikampigia fundi wa makao makuu, nikamweleza yote, hata habari ya droo.

Akaniuliza, "Mdogo wangu, kabla ya kujiunga na kompyuta ya huku, uliweka alama kwenye kisanduku cha kuruhusu skana?"

"Alama gani?"

Akacheka. "Basi umeingia ndani, mwenzako umemwacha mlangoni! Toka, weka alama, uingie tena."

Skana ikanguruma. Nilianza na ombi la yule mtoto. Cheti kitatoka Alhamisi.

Leo mimi mwenyewe nimemweleza bosi habari ya droo. Akanyoosha mkono. "Ufunguo wa droo nipe mimi. Wewe kaendelee na kazi."

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo, baada ya siku nne, chakula kimempita kooni.