Mtungi Niliouchanganya Mimi

Neema mjukuu wangu,

Hapa Granville tuko wazima. Lokdauni ya korona bado haijaisha, kwa hiyo tunasali kwenye simu, na mjomba wako anaimba kwa nguvu akisahau kuzima sauti.

Barua yako imenirusha kitini! Yaani huko kwenye shamba la mizabibu unakofanya kazi, bosi Mfaransa anasema divai ile nyekundu ni ladha ya kwao, mwenzake Mchile naye anasema ni ya kwao, kumbe ni wewe uliyechanganya divai za mapipa yao wote wawili kwa siri! Unauliza uwaambie?

Nikiwa msichana Burundi, harusini kwa dada yangu, mama alipika pombe ya ndizi, shangazi naye akapika yake. Hawakutaka zikaribiane. Mimi nikazimimina katika mtungi mmoja, kwa siri. Wageni wakaugombania! Mama akajisifu, shangazi akajisifu, kila mmoja akidhani ni yake, wakacheza wameshikana mikono. Mimi nikanyamaza kwa kuogopa fimbo.

Wameshafariki wote wawili, hawakujua. Furaha ile ilikuwa yangu pia, lakini niliitazama kwa mbali.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Mtungi wangu nimeshausema, mjukuu wangu. Nenda kaliseme pipa lako!

Bibi yako