Likizo Niliyoishinda kwa Mpira

Mirdif, Dubai
8 Julai 2018

Kwa mdogo wangu Khairiya,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Zahor na wote huko ukweni. Natumai mnaelewana na huyo mumeo hajaanza kununia mchuzi wako. Mama mgongo wake vipi? Mkumbushe kuwa ile dawa niliyomletea ni ya kupaka, asiifungie kabatini pamoja na sahani za wageni. Mimi mwili mzima sijambo, alhamdulillahi, ila joto la huku ukitoka kuanika nguo unarudi umeloa kuliko nguo zenyewe.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima. Barua hii nimempa mtu anayesafiri, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Isome peke yako.

Uliniuliza kwa nini nilitoka chumbani wakati unapakwa hina, na kwa nini siku ya harusi nilikaa kama mtu aliyelazimishwa kuja. Nasikia shangazi zetu wameshaamua kuwa simpendi Zahor. Zahor hana kosa kwangu, masikini, isipokuwa kule kucheka kwake. Sababu ni nyingine, na ni mbaya zaidi.

Nilishakusimulia habari za Boaz, dereva wa nyumba hii, Mganda wa Masaka. Miaka minne tumekula chungu kimoja, yeye Mkristo mimi Mwislamu, na Ramadhani hakuwahi kunywa maji mbele yangu. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa figo. Mwezi wa tatu ndugu zake walimwambia kuwa daktari ameshakata tamaa, akitaka kumwona afanye haraka. Akaomba likizo ya Juni. Na mimi nilikuwa nimeomba Juni hiyo hiyo, kwa ajili ya harusi yako. Sir Humoud akasema Idi ana wageni kutoka Hatta, hawezi kutukosa wote wawili. Mmoja aende, mwingine angoje Oktoba.

Kuamua kukamshinda. Siku moja baada ya futari alikuwa majlisi, sebule yake ya wageni, na rafiki zake, wanazungumzia fainali ya mabingwa wa Ulaya, Real Madrid na Liverpool. Mmoja wao akasema, kwa mzaha, kwa nini mpira usiamue. Sir akacheka mpaka akashika tumbo. Tukaitwa wote wawili. Akasema kila mmoja achukue timu, timu ikishinda mtu wake anapanda ndege, na kwa kuwa Boaz ndiye wa zamani, achague kwanza.

Khairiya, hapo ndipo Boaz alipojimaliza. Wiki nzima alikuwa akinieleza jikoni kuwa Madrid hawafungiki, wamelizoea kombe hilo kama mtu na chai yake. Alijua vizuri. Lakini amekuwa shabiki wa Liverpool tangu ujana wake, na mtu kama huyo habadilishi timu. Akataja Liverpool bila hata kumeza mate. Baadaye nilimgombeza, nikamwambia ana wazimu, mama yake amelala kitandani naye anatazama rangi ya jezi. Akanijibu kuwa hawezi kuvaa nyeupe ya Madrid na kumwomba Mungu Liverpool wafungwe, Mungu mwenyewe angemshangaa.

Siku ya fainali wageni walijaa. Walitununulia jezi. Mimi nilivishwa nyeupe juu ya abaya, Boaz nyekundu, tukasimamishwa kando ya televisheni na birika za kahawa mkononi, tunamimina huku tunatazama hatima yetu. Yule Mmisri wa Liverpool alipoumia bega na kutoka analia, majlisi yote ililia naye, ila Boaz aliendelea kumimina kahawa. Kipa wao akawapa Madrid bao la bure. Liverpool wakasawazisha, Boaz akapiga magoti kwenye zulia la watu, wageni wakampiga picha. Kisha Madrid wakafunga la pili, na la tatu likampita kipa yule yule mikononi. Watu wakanipigia makofi. Boaz naye akanipigia makofi.

Nilifurahi. Sitakuficha. Sikufurahia harusi yako tu, nilifurahia kushinda.

Wewe unajua kuwa nilikuja. Siku ya hina ujumbe wa Boaz ulinifikia: mama amepumzika, mpongeze bi harusi. Ndiyo maana nilitoka.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Usiku ule wa fainali nilipokuwa naosha vikombe, Madam, mkewe Sir, alikuja jikoni. Akaniambia Boaz yuko ndani ya gari analia, na Sir ameona aibu. Nikikubali kungoja Oktoba, Boaz ataondoka kesho yake. Akasema halazimishi, haki ni yangu, niseme tu. Nikamjibu, tena kwa kicheko, khalas, Madam, mpira umekwisha. Alizima taa ya ukumbini akapanda juu.

Niliporudi, Boaz alikuja kunipokea uwanja wa ndege. Tukiwa njiani akanishukuru. Madam, nadhani kwa kutaka amani ndani ya nyumba yake, alimwambia kuwa usiku ule nilimwendea Sir nikilia, nikaomba nafasi yangu apewe Boaz, na Sir ndiye aliyekataa. Boaz alimpigia mama yake siku hiyo hiyo akamsimulia. Mama akauliza jina langu, akafundishwa kulitamka. Kila jioni aliniombea kwa jina hilo, mpaka sauti ilipomkauka. Wanawe wa kuzaa, Boaz aliniambia, aliwaombea baada yangu.

Nikamwambia Boaz si kitu, angefanya hivyo hivyo kwangu. Akasema angefanya. Najua angefanya.

Mama usimwambie. Nisalimie shemeji, nisalimie shangazi zetu na midomo yao, na Mungu akupe nyumba yenye heri. Nikipata nafasi nitaandika tena.

Ni mimi dada yako,
Masuda