Walisema Mpango, Tukasikia Lupango

Lubumbashi, Avenue ya Misuku
Jumapili, baada ya misa

Kwako mdogo wangu Josée,

Nakusalimu sana, wewe na baba watoto, na wajukuu ambao bado sijawapakata. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniandikia kwamba unakuuma ukiinama katika shamba la mihogo. Basi usiiname, dada. Waambie vijana wainame, wao ndio wenye migongo mipya. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mguu wa kulia unaonijulisha mvua kabla ya mawingu. Na mvua imekuja kweli, ile ya kwanza, na vumbi jekundu limetulia kidogo huku kwetu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule padri kijana aliyetoka Kongolo. Najua ungependa nikupigie simu badala ya kuandika. Lakini kwenye simu wewe unaanza kulia kabla sijamaliza salamu, halafu réseau ya simu inakatika, halafu nabaki nimeshika simu bila kujua kama umelia au umekasirika. Masista walitufundisha kuandika barua, acha niandike.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini siuzi lupango huu, kiwanja na nyumba aliyonunua marehemu mume wangu alipostaafu reli, nikaja kukaa nawe Kongolo. La pili, habari za Merdi. Hilo la pili nitalijibu chini, nivumilie.

Avenue yetu unayoikumbuka haipo tena. Ulipokuja mara ya mwisho, watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani mpaka tunawafukuza kwa ufagio, na ukikosa chumvi unaita tu juu ya ukuta, chumvi inakuja. Sasa kuna mfanyabiashara wa Butembo, bwana Mbusa, amenunua viwanja kimoja baada ya kingine na kujenga madepo, maghala ya unga, mafuta na sabuni. Sisemi ni mtu mbaya. Ananisalimu akishuka garini, na Noeli iliyopita aliniletea mfuko wa unga ambao mtu mmoja hawezi kuumaliza kabla ya wadudu. Lakini majirani wote wamemuuzia. Wengine wamejenga Ruashi, wengine wako Annexe. Hata Mama Kasonde wa nyumba ya kushoto, aliyekuwa ananisuka nywele kila Jumamosi, naye amekwenda Annexe, na nywele zangu sasa nazifunga kitambaa.

Mchana camion zake za mizigo zinaingia na kutoka. Jioni milango ya chuma inafungwa, na kwenye avenue nzima tunabaki mimi na walinzi. Walinzi wananiita mama, kama wanavyomwita kila mwanamke mwenye mvi. Saa hizo wa kuniita Mama Merdi hayupo. Nina upweke, Josée, nakuambia wazi kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Nasonga bukari ya mtu mmoja na kila siku inabaki. Siku nyingine nasema maneno kwa sauti ili nihakikishe kwamba sauti bado ipo.

Bwana Mbusa ananibembeleza kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Mama, uza leo," ananiambia, "kesho utabakia wewe na mapopo." Nilimjibu kwamba afadhali mapopo, hawaamki asubuhi kunishauri niuze.

Sasa nikueleze habari za mkutano, ucheke kidogo kabla hujanikasirikia.

Siku hizi commune yetu ina baraza, wajumbe tuliowachagua wenyewe. Zamani bourgmestre, mkuu wa commune, aliamua peke yake, sisi tukasikia baadaye. Sasa wanakuja kutuuliza, halafu wanaamua, na sisi tunasikia palepale. Walituita katika uwanja wa shule iliyo mwisho wa avenue yetu, ile ambayo ndiyo kituo chetu cha kura tangu uchaguzi uanze nchi hii. Hata waliohama waliitwa, kwa kuwa majina yao ya kura bado yako hapa. Walijaa. Josée, niliona nyuso! Nilizunguka nikisalimu kama bibi harusi. Mama Kasonde alinikumbatia mpaka kitambaa kikaanguka, akacheka aliyoyaona chini yake.

Aliyezungumza alikuwa mjumbe mmoja wa kike, mama Olive, mzaliwa wa Goma, anayesema Kiswahili safi kama cha redio. Bwana Clément, chef anayeongoza mtaa wetu, alimpa mégaphone yake ya kupazia sauti, ambayo betri zake zimechoka kuliko mimi. Mama Olive akasema wametuletea mpango mpya wa mtaa. Wewe unatujua. Huku kwetu plan tunaiita plan. Neno tunalolijua sisi ni lupango, na mégaphone ilimeza mwanzo wa neno ikatutemea mwisho. Mama Kasonde akanishika mkono akisema, "Banatuletea lupango mupya!" na akapiga vigelegele. Wanawake wote wakaitikia. Baba mmoja akasimama akauliza kwa heshima, "Iko ngapi kwa ngapi?" Mama Olive alidhani anaulizwa upana wa barabara wanayotaka kujenga, akajibu kwamba ni mita kumi, na urefu wake ni kutoka hapa mpaka sokoni. Kiwanja kinachofika sokoni! Watu walishangilia mpaka walinzi wa madepo wakaja kuchungulia. Wazee wakaanza kugombania nani atapakana na nani.

Na mimi je? Lupango ninao, wa pili ungenifaa nini? Lakini nilifikiri, kama wanagawiwa viwanja hapa, basi wanarudi. Nikamwona Mama Kasonde tena nyumba ya kushoto. Bwana Clément aliposema wanaokubali wainue mkono, mimi niliinua yote miwili.

Jumatatu nikaenda kumuuliza Clément viwanja vitapimwa lini. Alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akaona mimi sicheki, akanikalisha kwenye kiti na kunieleza. Mpango ulikuwa wa barabara ya camion mbele ya madepo. Kichochoro cha nyuma ya shule, ambacho magari yalipitia, kimeshafungwa na kuta za Mbusa. Na kwa sababu gari la vifaa vya uchaguzi halitaweza tena kufika kwenye mlango wa shule, baraza linapendekeza kituo cha kura kihamie kwenye salle ya mikutano iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Hilo ndilo tulilopigia vigelegele.

Nikamwambia Clément nauondoa mkono wangu. Akasema, "Mama Merdi, mukono uliinula weye mwenyewe, miye nilihesabu tu." Akaongeza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nikamjibu kwamba maji yake, lakini sakafu yangu. Nikatoka.

Kesho yake nilikwenda commune. Nilikaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakaanza kufagia chini ya miguu yangu, ndipo mama Olive akanipokea. Nilipomweleza habari za lupango hakucheka. Aliweka mikono usoni, kisha akasema kwamba wao walirudi barazani wakijisifu kuwa mtaa wetu umepokea mpango kwa shangwe kuliko mitaa yote. Alinihurumia, nadhani na yeye mwenyewe alijihurumia. Halafu akaniuliza kwa nini kituo cha kura kinaniuma hivyo, maana salle si mbali. Nikamtajia mguu wangu. Nikamtajia camion za barabara kuu na vikongwe watakaoivuka kwenye mvua. Alinitazama sana. Akasema baraza litakaa tena kabla ya kupeleka neno lake kwa watu wa uchaguzi, na kama kuna njia ya gari mpaka kwenye mlango wa shule, shule inaweza kubaki.

Njia iliyobaki ya kufika mlango wa shule ni ile ndogo, kati ya ukuta wangu na depo ya mwisho, inayopitisha baiskeli tu. Upande wa depo ni zege. Upande wangu ni matofali ya udongo. Mama Olive hakuniomba kitu, Mungu ni shahidi. Mimi ndiye niliyemuuliza camion inahitaji upana gani.

Baraza lilikaa, na neno likaja kwa kinywa cha Clément, aliyekuwa amevaa koti kwa ajili ya heshima: shule inabaki kituo cha kura, mradi njia iwe imefunguliwa kabla mvua hazijachachamaa. Bwana Mbusa mwenyewe alitoa mafundi wake wavunje na kunijengea ukuta mwingine ndani zaidi. Alitikisa kichwa akasema mama anayekataa kuuza kiwanja kizima, halafu anagawa kipande bure, anahitaji maombi ya mfungo. Pengine ana haki ya kusema hivyo. Kazi imekwisha wiki hii. Njia ni nzuri, pana, imemwagwa changarawe, na mimi nimebaki na uwanja ambao kuku wakigeuka wanagongana.

Sasa swali lako la pili.

Unajua Merdi aliondoka siku tuliyomzika baba yake. Unajua baba zake wadogo walimsimamisha mbele ya watu wa kilio na kumuuliza mtoto wa kiume anawezaje kuja mikono mitupu kwenye maziko ya baba yake. Hukuwepo, lakini ulisimuliwa. Alitoka na koti alilovaa tu. Tangu hapo namba yake ya simu inajibiwa na mama mmoja wa Likasi ambaye amechoka nami. Wengine wananiambia wamemwona Kampemba, wengine wanasema anaendesha camion mpaka Kasumbalesa. Nimetuma maneno kwa paroko, nimetuma kwa madereva. Hakuna kilichorudi.

Lakini ndani ya lile koti kulikuwa na kadi yake ya kura. Lazima anayo, Josée. Bila kadi hiyo huku huwezi kununua namba ya simu, wala kumjibu polisi anayekusimamisha njiani. Na juu ya kadi hiyo limeandikwa jina la shule hii. Nilimuuliza mama Olive taratibu, kama ninayeuliza habari za mtu mwingine, akasema ndivyo, mtu anapiga kura pale alipoandikishwa, hata akihamia wapi. Na Merdi anapiga kura. Yeye na baba yake waligombana kwa ajili ya siasa tangu aote ndevu, lakini siku ya kura walikuwa wanatoka pamoja, wamechomekea mashati.

Kama kituo kingehamia ng'ambo, Merdi angeshuka kwenye barabara kuu, apige kura yake, apande basi lingine, na mimi nisingejua kamwe kwamba alikuwa karibu. Ila kwenda shule hakuna tena njia isipokuwa avenue hii na ile njia inayopita chini ya dirisha langu. Hiyo ndiyo sababu. Mguu unauma kweli, lakini mguu si sababu. Sikumwambia mama Olive, sikumwambia Clément, hata padri katika kitubio sikumwambia, kwa maana sijui kama ni dhambi kuwageuzia watu wote uamuzi wa kituo chao cha kura kwa ajili ya mtoto mmoja.

Ndiyo maana siwezi kuja Kongolo. Usinitayarishie chumba. Uchaguzi bado uko mbali, na wanaweza kuusogeza kama walivyozoea, lakini nitakuwa hapa.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu mwanzo, na mkono wangu hautaki kuliandika. Kile kipande cha lupango nilichokitoa hakikuwa wazi. Ndicho kilichokuwa na chumba cha Merdi, kile alichojijengea mwenyewe akiwa na umri wa kuanza kutafuta mchumba, akakataa msaada wa baba yake hata kwa tofali moja. Mafundi waliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilitoa kitanda chake, viatu vyake vya mpira na kioo, nikaviweka sebuleni ambako sasa napita ubavuubavu. Kisha nikasimama mlangoni mpaka wakamaliza, kwa sababu nilitaka awepo mtu wa nyumbani.

Akija siku hiyo, Josée, atatafuta chumba chake kwa macho, atakuta amesimama ndani yake, na watu wanapita. Nami sijui nitaanza na neno gani kumweleza kwamba nilikivunja ili awe na njia ya kuja.

Msalimie shemeji, mwambie tumbaku ya mwisho ilikuwa nzuri, niliwapa walinzi. Wabusu watoto mmojammoja, usiwabusu kwa jumla. Nitaje katika rozari yako, na Merdi pia, kwa jina lake. Padri anarudi Kongolo kabla ya Noeli. Ukimpa barua ya kunijibu, iwe ndefu, hata kama ni habari za mihogo tu.

Ni mimi yaya wako, dada mkubwa anayekupenda,

Virginie